Magazini Kwenye Njia ya Mama Mukwe

Vijana wenye kufungua biashara wanakujaka kuniomba mashauri, juu nimezeeka nyuma ya kontwari ya duka na wanafikiri uzee huo una siri. Ninawaambia: kabla hujaweka hata tofali moja, uliza kwanza mama mukwe wako anapitaka wapi akienda soko. Wanacheka. Wanafikiri ni muchezo wa wazee, wanatoa kalamu wanangoja nianze kusema mashauri yenyewe. Basi nieleze yote, halafu atakayecheka acheke.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji, ile miaka ya hamsini, na barabara ya kutoka Masisi kuteremka Walikale ilikuwa matope zaidi kuliko barabara. Bwana yangu alikuwa ametoka kampi ya kuchimba mawe meusi, kule porini ngambo ya Kibua. Usidhani alichimba. Alikuwa mufagiaji wa kantini ya kampi, kantini ya muzungu mumoja munene asiyependa kuamka. Miaka ile yote bwana yangu alifagia chini ya miguu ya wanunuzi, na siku tuliporudi kwetu Kalembe alikuwa ameamini kabisa kwamba kufagia magazini, yaani duka, na kujua biashara ni kitu kimoja.

Mimi nilirudi na sufuria kichwani na huzuni. Mutoto wetu wa kwanza, binti, homa ilimuchukua kule kampi wakati wa mvua, tukamuzika nyuma ya nyumba za wafanyakazi, mahali hakuna hata muntu mumoja anayejua ukoo wake. Njiani nilimuambia bwana yangu kwamba kule sirudi tena. Akasema sawa, tutafungua magazini. Lakini akaongeza kwamba magazini ikikataa, mvua ikiisha ataandikisha tena kazi kampi, na bibi anafuata bwana yake. Njo maana niliiombea ile magazini kuliko nilivyoombea roho yangu mwenyewe.

Akatafuta mahali pa kujenga. Alikuwa amesikia muzungu wake akiwaeleza wazungu wengine kwamba magazini inatakiwa kuwa pale watu wanapita, basi akasimama barabarani tangu asubuhi hadi jioni akiangalia miguu ya watu. Akaona njia moja inayoteremka mulimani na kutokea karibu na soko, na wanawake wote wa upande wa juu wanaifuata hiyo. Akajenga hapo hapo: matofali mabichi, bati juu, kontwari ndefu ya mbao ya kuuzia, mulango mukubwa mbele na mulango mudogo nyuma. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Kitu kimoja tu hakukifikiria, kwamba katika wale wanawake wa upande wa juu mumoja ni mama yangu.

Kwetu mukwe na mama ya bibi yake hawaonani uso. Hawasemezani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mumoja anaingia majanini hadi mwenzake apite. Ni heshima, na muntu asiyeifanya watu wanauliza alilelewa na nani. Sasa bwana yangu alikuwa mukristo wa siku hizi mpya. Kila siku ya Mungu, sala ikiisha, alisimama mbele ya kanisa akiwaeleza wanaume kwamba desturi za zamani zimekwisha, kwamba muntu wa maendeleo haogopi kitu. Kesho yake asubuhi kitambaa cha mama yangu kikionekana kule juu ya njia, maendeleo yote yalitokea mulango wa nyuma.

Na mama yangu hakuwa muntu wa kupita mara moja. Alikuwa anauza kasiksi, ile pombe ya ndizi, pale sokoni. Alipita na mutungi wa kwanza, akarudi kuchukua mwingine, akapita tena kumufuata muntu aliyeondoka na kikombe chake. Kila mara bwana yangu alikimbilia kwenye migomba nyuma ya nyumba, akachuchumaa huko hadi njia iwe wazi. Wanunuzi walibaki wanaangalia kontwari bila muntu. Wengine walingoja kidogo, wengi walienda kwa mama yangu kunywa, na wakishakaa pale hawakusimama haraka.

Nikamuambia aniache nishike kontwari wakati yeye iko kwenye migomba. Akakataa. Muzungu wake alisema bibi akishika magazini anagawia ndugu zake. Huyo muzungu, mimi nilimuona kwa macho yangu, kapita wake mwenyewe, musimamizi wa wafanyakazi, alikuwa anamuibia sukari mbele yake, lakini hilo halikuingia katika mafundisho.

Na mafundisho yalikuwa mengi, ole wangu. Ilitakiwa kufunga saa sita ya muchana hadi saa nane, juu muzungu alilala saa hizo. Bwana yangu hakulala. Alikaa ndani gizani, mulango umefungwa, akisikiliza watu wanagonga, na alijisikia mukubwa sana. Ilitakiwa mununuzi avue kofia kabla ya kuingia. Ilitakiwa mwenye magazini asicheke na mununuzi. Matabishi, ile nyongeza kidogo unayomutilia muntu mwishoni ili kesho akukumbuke, ilikatazwa kabisa. Alisema ni ushenzi. Watu wa pori waliopanda kutoka upande wa Kibua na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na nyama kavu, wakitaka kubadilisha na chumvi, aliwaambia waende kwanza wauze vitu vyao wapate feza, halafu warudi. Kwenda walienda. Kurudi hawakurudi.

Kisha akaamua kupanua biashara. Biashara ilikuwa haijasimama, yeye anaipanua. Alisema anayenunua kwa wingi njo anayekua, akapanda kamyo hadi Goma, akarudi na masanduku ya siraje, ile rangi nyeusi ya viatu. Masanduku juu ya masanduku. Katika Kalembe yote wenye viatu walikuwa padri, siku alizokuja kututembelea, na mwalimu, siku ambazo kaka yake hakuviazima. Nikamuuliza viatu viko wapi. Akanijibu kwamba muntu wa biashara anaangalia mbele, kwamba watoto wa hawa watu watavaa viatu. Alisema kweli, lakini watoto wenyewe walikuwa bado wanabebwa mugongoni. Mahali pa kuweka masanduku hapakuwa, akayapanga nyuma, moja juu ya lingine hadi karibu na bati, mbele ya mulango mudogo.

Mvua zikaanza kupungua. Kapita mwenye kuandika watu wa kampi akafika Kalembe, na asubuhi nikamuona bwana yangu anazungumuza naye kando ya barabara, mikono mugongoni, kama watu waliokwisha kusikilizana. Hakuniambia walisema nini na sikumuuliza. Nilienda shamba nikalia huko hadi nikachoka, halafu nikapanda kwa mama yangu nikamuambia wazi kwamba ninarudishwa kampi. Mama hakusema pole. Aliniuliza tu magazini inafunguliwa saa ngapi.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa ninafagia mbele ya mulango, bwana yangu ndani anapanga makopo ya siraje kwa mustari. Mama akateremka bila mutungi. Bwana yangu akamuona, akaruka kama kawaida, akakuta masanduku, juu tangu yafike hii ilikuwa siku ya kwanza ya soko. Akasukuma kwa bega, akasukuma kwa mugongo, masanduku hayakutikisika. Na mama, badala ya kuendelea kwenda soko, akageuka na kuelekea kwetu. Sijapata kuona muntu wa maendeleo akiingia chini ya kontwari haraka namna ile.

Mama akaingia, akaipa kontwari mugongo, akakaa juu ya mufuko wa chumvi akiangalia nje. Hivyo hajaona uso wa muntu, heshima iko palepale. Wanawake wawili waliokuwa wanapita wakasimama mulangoni, juu jambo kama hilo haliachwi. Mama akaniita ndani, akaniuliza nani anauza chumvi hapa. Nikajibu kwamba mwenyewe hayuko mbali. Akasema anajua.

Halafu akaanza kusema na mimi, lakini kwa sauti ya kumufikia muntu mwingine. Aliniambia kwamba wanawake wanateremka soko jua halijatoka, na magazini inayofunguliwa jua likiwa kali inauzia inzi. Kwamba yeye akisinzia muchana anasinzia na kikombe mukononi, na muntu akija anaamka. Kwamba kofia ya muntu ni ya muntu, iachwe kichwani. Akauliza ni mujinga gani anayeacha mafuta ya ngazi yapite mbele ya mulango wake, na huku juu milimani wanawake wanapika maharagi bila mafuta. Pokea mafuta, toa chumvi, halafu uzia mafuta watu wa juu, hapo umepata mara mbili bila kutoka kwenye kiti. Na chumvi ipimwe kidogo kidogo, juu muntu ananunua ya sufuria ya leo. Siraje ipelekwe Masisi kwa askari, wenye viatu na mikanda na mukubwa wa kuwagombeza. Akasema pia kwamba kasiksi ingefaa kuuzwa humo ndani, na hapo alikuwa anajifikiria yeye mwenyewe. Wale wanawake wa mulangoni waliitika kila neno kama wako kanisani. Chini ya kontwari muntu alipiga chafya, na mama akanitakia mimi afya njema.

Mimi nilikuwa ninataka kucheka na ninataka ardhi inimeze. Nilimuomba mama kwa macho anyamaze. Akainama akachukua chembe za chumvi zilizomwagika chini, akazirudisha moja moja katika mufuko. Alipoanza tena, sauti ilikuwa imeshuka, na sasa hakujisumbua kujifanya kwamba anasema na mimi.

"Miye sijui vitabu," akasema. "Sijui vile wazungu wanafanyaka. Lakini kule pori mulishaacha mutoto. Mutoto wangu, miye, simuachi huko. Mwenye kwenda aende. Huyu iko anabaki, ashike hii kontwari, na miye nitapita na mitungi yangu bila muntu kukimbia."

Wanawake wa mulangoni waliangalia chini. Hakuna muntu, tangu kumuzika yule mutoto, aliyekuwa amemutaja mbele ya bwana yangu. Hata mimi nilikuwa ninamutaja shambani tu, peke yangu. Nilisimama katikati ya magazini, fagio mukononi. Niliwaza kwamba sasa bwana yangu amekasirika, atatoka, atanichukua kampi leo leo.

"Hatarudi kule, mama."

Ilikuwa sauti yake, kutoka chini ya mbao. Tangu alipotoa mahari hajawahi kusema neno lolote ambalo masikio ya mama yangu yalilisikia. Mwanamuke mumoja mulangoni akajiziba mudomo. Mama akavuta kitambaa akajifunika uso wote, kama inavyotakiwa muntu akisikia sauti ya mukwe wake, na ilitakiwa pia asimame akimbie. Hakusimama. Alikaa hivyo juu ya mufuko, uso umefunikwa, na kitambaa kikaanza kulowana mahali pa macho.

"Basi nipimie chumvi," akaniambia.

Nikazunguka nikaingia nyuma ya kontwari. Hadi siku ile sikuwa nimewahi kusimama pale. Mahali palikuwa padogo na bwana yangu alikuwa amelala pale urefu wake wote, vumbi hadi katika nywele, macho yake hayataki kukutana na yangu. Akakunja miguu yake, nikapata mahali pa kusimama.