Mpiga Picha Aliyeziba Masikio

Mcha Silima alikuwa fundi mzuri wa picha mpaka muziki uanze. Ukianza, basi tena.

Alitoka Makunduchi akiwa kijana, akafagia duka la picha la Mgoa mmoja Shangani, mjini Unguja, akajifunza kazi kidogo kidogo mpaka akafungua chumba chake mwenyewe Vikokotoni. Ukimpelekea bwana harusi au mtoto aliyetoka arubaini, anakutolea picha safi, nyeusi na nyeupe, nywele za nyusi unazihesabu. Lakini taarab ilikuwa imemwingia mwilini. Fidla ikilia, kichwa kinakwenda upande, udi ukijibu, mabega yanafuata, mwimbaji akifika penye neno tamu, Mcha anafumba macho na kusema "Allah!" huku kidole kinabonyeza kamera.

Na filamu za siku hizo hazikuwa na haraka. Ndani ya ukumbi kamera ilitaka itulie kama maji ya mtungini. Ya Mcha haikutulia hata siku moja. Akishasafisha picha, mpiga fidla anatoka na mikono minane kama pweza, na mpiga ngoma ya dumbak hana kichwa. Mama mmoja wa Malindi aliishika picha yake, akaigeuza juu chini, akauliza, "Huyu mimi, au moshi wa ubani?"

Mwaka 1956 Bi Shemsa, mkuu wa chama cha taarab cha Shada la Asumini, akamwita. Chama kingepiga Idi pili alasiri, na mwimbaji angekuwa Bi Mashavu, ambaye sauti yake ilikuwa imeshawaliza watu wazima wasiolia hata msibani.

"Nataka picha ya kutundika ukutani," alisema Bi Shemsa. "Ya mtu, Mcha. Moshi tunao jikoni."

Mcha akarudi nyumbani amenyongea. Mkewe, Mwatum, alikuwa kakaa mkekani anashona mto uliopasuka. Mwatum taarab haikumgusa kabisa. Alikwenda mara moja tu, akalala, na alipoamka akauliza kama chakula tayari.

"Bi Mashavu akiimba nitatetemeka," Mcha alilalamika.

"Si uzibe masikio?" alisema Mwatum, akachomoa usufi kwenye mto, akamfinyangia vidonge viwili.

Idi pili ikafika. Ukumbi ulijaa kanga mpya na harufu ya udi wa kufukiza, madirisha yote wazi, mwanga mzuri. Mcha akapanga kamera yake mbele, akashindilia usufi mpaka dunia ikanyamaza. Akaona mikono ya wapigaji inakwenda bila sauti, kama samaki. Hakutetemeka. Akapiga picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Moyoni akamwombea dua Mwatum.

Bi Mashavu, jukwaani, aliona kitu kingine. Ukumbi mzima unayumba, vitambaa vimelowa, wanawake wanakwenda kumtunza pesa huku wanajipangusa. Na pale mbele, mwanamme mmoja kasimama mkavu, hatikisi hata kope. Bi Mashavu akarudia ubeti kwa utamu zaidi. Mwanamme mkavu. Akaivuta sauti mpaka mpiga kanuni mwenyewe akaacha nyuzi zake ili asikilize. Mkavu!

Ikamkera. Akatunga papo hapo:

"Wenye roho wamelia, wamelowa vitambaa,
Mmoja kanitolea, jicho moja la kung'aa!"

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko, watu wote wakamgeukia Mcha. Mcha alipoona meno ya watu akadhani wamefurahi, naye akacheka. Bi Mashavu akamnyooshea kidole. Mcha akadhani anaitwa, akasogea na kamera yake. Ndani ya kioo akaliona jambo ambalo hajawahi kuliona: macho yanawaka, pua imetanuka, shingo imesimama, dhahabu masikioni inaruka. "Mashaallah," alisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakujisikia, akapiga. Bi Mashavu akateremka jukwaani. Mcha akapiga. Bi Mashavu akaja mpaka puani pake akifoka, na Mcha akapiga mpaka filamu ikaisha.

Hapo Bi Mashavu akaona kitu cheupe kinachungulia sikioni. Akakivuta.

"Nini hii?"

"Usufi, Bi."

"Unaumwa masikio?"

"Hapana, Bi. Nnajikinga."

"Unajikinga na mimi?"

Mcha akaeleza yote, ya pweza na ya moshi, akitokwa na jasho. Bi Mashavu hakusadiki. Akamkalisha kwenye kiti, akamnyang'anya kamera, akarudi jukwaani akaimba tena kuanzia mwanzo. Kwenye ubeti wa kwanza Mcha alianza kuyumba. Wa pili alikuwa analia. Wa tatu alikwisha mtunza pesa zote alizokuwa nazo, kofia, kitambaa chenye makamasi, na alikuwa anafungua saa pale Bi Shemsa alipomshika mkono.

"Imetosha," alisema Bi Mashavu, ameridhika.

Picha zilipokuwa tayari, Bi Mashavu aliitazama ile ya hasira. Akalalamika kwanza kuwa gauni lake la waridi limekuwa kijivu. Kisha akasema, "Mimi ndivyo nilivyo?"

Mumewe, Bwana Masoud, mtu mpole asiyesema sana, akachungulia begani kwake. "Mimi huyu ndiye nnayemjua," alisema.

Picha ikatundikwa ukutani, kubwa kama mlango. Baada ya hapo waimbaji wa vyama vingine wakaja Vikokotoni wanataka "ile ya Mashavu", na maskini Mcha ikawa kazi yake kuwatafutia ya kuwaudhi. Mmoja wao Mcha alimwambia kaimba kama mlango mbovu. Alichapwa kwa upawa.

Mwishowe Mwatum ndiye aliyemaliza mambo. Alikwisha jifunza kusafisha picha kwenye chumba cha giza, akaichukua na kamera. "Mimi taarab hainitetemeshi," alisema. Kina mama nao wakafurahi kupigwa na mwanamke mwenzao. Kufikia 1959 kila onyesho la Shada la Asumini ungemkuta Mwatum mbele, anapiga picha na kupiga miayo, na Mcha yuko kiti cha nyuma yake, kafumba macho, analia kwa raha zake, hana kazi yoyote duniani.