Sauti ya Nne Iliyokataliwa Ijumaa Kuu

Makoti ya sufu yaliyolowa mvua yana harufu yake, na ikichanganyika na ya pilau iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha, hiyo ndiyo harufu ya kanisa la utoto wangu. Tulikuwa Waswahili wa Lewisham, kusini mwa London, Watanzania, Wakenya na Wakongo, tukikodi ukumbi wa Waingereza kila Jumapili alasiri wakishamaliza ibada yao. Kwaya yetu ilisifika. Ila majira yale ya kuelekea Pasaka, mwishoni mwa miaka ya tisini, sauti ya nne, yaani besi, ilikuwa imekufa. Wanaume wenye sauti nzito wote walikuwa zamu, hospitalini au uwanja wa ndege. Tungeimbaje mateso ya Bwana kwa sauti tatu, kama meza iliyokatwa mguu?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuwa Bwana Reinhold, Mjerumani aliyefiwa na mke. Mama yangu ndiye aliyemuuguza mkewe hadi mwisho, na baada ya mazishi mzee yule akaanza kuja kusali nasi. Alikuwa mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa toka mwanzo hadi mwisho. Alianzia kwaya ya kanisa la kijijini kwao, akapanda majukwaa madogo ya miji ya Ujerumani, kisha makubwa ya Ulaya, hadi London alikooa. Aliniambia kwamba mwenye besi hapewi kamwe nafasi ya kijana anayependwa. Huwa mfalme, baba mkali, kuhani, au Shetani. Tangu amzike mkewe hakuwa ameimba tena. Mwalimu wa kwaya alipomwomba aimbe Ijumaa Kuu, alikubali huku machozi yakimlengalenga. Mimi nikapewa kazi ya kumfundisha matamshi. Aliyaonja maneno yetu moja moja, akiuliza maana, na aliposhuka kwenye noti za chini vikombe vya mama vilitetemeka kabatini.

"Huyo ni mtu au ngurumo?" mama akauliza toka jikoni, akicheka.

Ilikuwa desturi wazee wa kanisa kumtembelea mshiriki mpya nyumbani na kumwombea. Wakaenda, wakiongozwa na Mzee Naftali, katibu wao. Waliposema amina na kufumbua macho, wakaona ukutani picha ya Bwana Reinhold jukwaani: joho jekundu, pembe kichwani. Jumapili iliyofuata Mzee Naftali akasimama mbele ya kwaya.

"Aliyevaa pembe hataimba mateso ya Bwana. Hapa ni madhabahuni."

"Shikamoo, Mzee," mama akasema, kwa adabu yenye wembe ndani. "Na Herode wetu wa kila Krismasi ni nani? Si wewe, mzee wangu, unayetuulia watoto kwa panga la mbao?"

Safu ya alto ikaangua kicheko.

"Mama Neema, mimi naigiza tu!"

"Na yeye je? Aliajiriwa kuzimu?"

Mcheza kwao hutunzwa. Herode wetu alipigiwa makofi na kuongezewa nyama. Mgeni akahukumiwa kwa kazi ile ile. Ukutani pale pale alikuwa kuhani katika picha nyingi kuliko ile moja ya pembe, lakini hakuna aliyeziona, na hawa ni watu waliotuhubiria habari ya kibanzi na boriti! Mchungaji aliogopa mgawanyiko, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo hukumu.

Ijumaa Kuu tuliimba kwa sauti tatu. Bwana Reinhold alikaa nyuma, koti limefungwa vifungo vyote, midomo ikifuata kila neno nililomfundisha bila kutoa sauti. Kabla ya Pentekoste alirudi Ujerumani kwa dada yake, hatukumsikia tena. Nimeomba miaka mingi nipewe moyo wa kusamehe, na Mungu ni mwema: Mzee Naftali aliaga dunia mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Jambo lenyewe, hata hivyo, bado linanichemsha damu.

Leo mimi ni mzee wa kanisa hilo hilo. Tuna jengo letu, namshukuru Mungu. Katika igizo la Pasaka vijana hugombea kuwa Shetani, nasi tunawapiga picha kwa simu. Besi hatuna hadi leo. Hutoka kwenye kinanda cha umeme, binti yangu akikibonyeza. Tulikinunua kwenye baa moja iliyofilisika, tukakiombea, tukakiweka kando ya madhabahu, na hakuna mzee aliyekiuliza kimewahi kuimba wapi.