Misumari Mdomoni mwa Springi

Kabla hujajisifu kwamba mtaani kwenu kuna fundi makochi, sikiliza kwanza habari za Springi, halafu ukitaka kumtaja huyo wenu, mtaje kwa sauti ya chini. Springi alikuwa akilivua nguo kochi la watu watatu asubuhi, na saa kumi jioni limeshavaa kitambaa kipya. Siri yake ilikuwa mdomo. Alijaza misumari midogo kinywani, ishirini kwa mpigo, akaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi mdomoni, akaunasa kwa nyundo yake yenye sumaku, na ko! Umeshazama kwenye mbao. Na katikati ya misumari hiyo hiyo aliongea, akatania, akacheka. Maneno yalitoka yamepinda, kwa hiyo mkewe, aliyekuwa akishona vitambaa vya mito pale pale karakanani, ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

"Anasemaje?" mteja anauliza.

"Anasema kochi lako limekaliwa na tembo."

"Lakini ninayelikalia ni mimi!"

"Ndiyo maana kasemea kwenye misumari."

Sasa mwaka ule Springi akaanza kulegea. Kwanza ilikuja baridi. Watu wanajipepea kwa vipande vya maboksi, yeye kavaa sweta, na juu ya sweta koti. Kisha usingizi. Anamaliza kuwamba kochi, anakaa ili alijaribu, dakika hiyo hiyo anakoroma. Wateja badala ya kushtuka wakazidi kumwamini: fundi mwenyewe akilala hivyo, kochi hilo si mchezo. Mama mmoja alionyeshwa kiti kizuri kabisa, akakikataa, akasema anataka kile chenye mtu.

Aliyefaidi zaidi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye pikapu ya kupelekea makochi. Huyo utani ndiyo kazi yake, udereva ni ziada tu.

"Shemeji, umevimba mpaka uso. Dada yangu anakulisha sponji?"

Kesho yake: "Na nyusi zako mbona zinahama? Zimepata nyumba nzuri zaidi?"

Zamani Springi angemjibu mpaka shemeji akimbilie kwenye gari lake. Sasa alinyamaza. Sauti yenyewe ilikuwa inakwaruza kama meza inayoburutwa sakafuni. Na kila mtu akasema: ana misumari mdomoni, ataongeaje?

Hapo ndipo wote walipopotea, hata mkewe, mwenye jicho la kuona mshono uliokwenda kombo akiwa ng'ambo ya barabara. Mpaka Jumapili moja mchana. Karakana imefungwa, Springi yuko nyumbani, kakaa mezani anatazama ukuta. Mkewe akamwuliza kama atakula sasa au baadaye. Kimya. Akamsogelea, akaona shavu limetuna.

"Una nini mdomoni?"

Springi akatikisa kichwa.

"Baba watoto, fungua."

Akafungua. Misumari sita. Nyundo hakuna, kochi hakuna. Mtu kajaza misumari ili asitakiwe kusema neno. Mkewe alisimama pale na mwiko mkononi, akajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alikuwa mkalimani. Hakukumbuka.

Jumatatu mambo yakaiva. Springi akamkabidhi shemeji ile nyundo ya sumaku, ambayo mpini wake ulishalika ukashika umbo la vidole vyake.

"Ichukue. Mwisho wa mwezi nafunga karakana."

"Unafunga? Kwa nini?"

"Sina kitu tena, shemeji. Nimeisha."

Shemeji akafungua mdomo atoe utani, utani haukuja. Wanaomjua wanasema haijawahi kutokea tangu ajue kuongea. Akaificha nyundo chini ya kiti cha pikapu, akamwendea dada yake, wakanong'ona. Kwenda hospitali walishamwambia Springi mara ngapi. Yeye akasema uchovu ni wa umri na huzuni ni ya wavivu. Basi wakangoja. Saa saba, kama kawaida yake, fundi akajaribu kochi la watu watatu, usingizi ukamzoa. Wakaitwa wanaume wanne wa jirani, wakabeba kochi pamoja na mtu wake, wakapakia. Mkewe akapanda, akamshika mkanda wa suruali asidondoke, na gari likaondoka polepole utadhani limebeba mayai.

Aliamshwa na sauti ya mlinzi kwenye geti la hospitali.

"Huyu ni mgonjwa au mzigo?"

"Vyote viwili," shemeji akasema. "Andika kinachokupendeza."

Springi akatazama huku na huku. "Mmenibeba kama kabati!"

"Kabati halikoromi," mkewe akamjibu.

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, lakini ana mikono ya fundi. Akampapasa shingo, akamwambia ameze mate, akatazama nyusi na ngozi iliyokauka. Kisha akasema fungua kinywa. Ndani ya shavu kulikuwa na misumari mitatu.

"Umelala nayo hiyo?" mkewe akapiga kelele. "Ungeimeza je?"

Daktari hakucheka wala hakugomba. Akasogeza kibakuli cha bati. "Iteme hapa, mzee wangu. Mmoja mmoja. Sina haraka."

Ti. Ti. Ti.

Mdomo ukabaki mtupu, hana tena pa kujificha. "Daktari," akasema, "mimi ni kochi lililotolewa vitu vyote, zimebaki mbao. Na watu bado wanakuja kunikalia."

"Umewaza kufa?"

"Hapana. Nawaza tu nisiwepo kidogo. Kama wiki mbili hivi."

Mkewe akacheka na kulia kwa mpigo mmoja.

Wakampima damu. Majibu yalipotoka, wakaelezwa kwamba shingoni mwa mtu kuna tezi yenye umbo la kipepeo, wenyewe wanaiita thairoidi, nayo ndiyo inayoupa mwili mwendo. Ya Springi ilikuwa imesinzia, na mwenye tezi akasinzia nayo. Atameza kidonge kila asubuhi, kwa maji, tumbo tupu, na chai ni baada ya saa nzima. Huenda ikawa maisha yote. Na ile huzuni, daktari akasema, tezi inaweza kuwa imeivuta, lakini inaweza pia kuwa ugonjwa unaojitegemea. Kwa hiyo kila Alhamisi atakwenda kuongea na mshauri.

"Saa nzima bila chai?" Springi akauliza. Hilo la maisha yote hakulisikia.

Mkewe akawa askari wa birika. Baada ya miezi miwili sweta likavuliwa, usingizi wa mchana ukakoma, mtaa ukatangaza kwamba fundi kapona. Wapi! Mwili uliamka, moyo ukabaki umejifunika shuka.

"Shemeji, si umeshapewa dawa?"

"Ya shingoni inafanya kazi," Springi akasema, akajigusa kifua. "Huku bado."

Daktari akaongeza kidonge kingine, cha huku. Mshauri naye akamwagiza awe anamwambia mkewe siku ikoje. Springi maneno hayo hakuwa nayo, akatumia ya karakanani: siku yenye uzito mdogo ni stuli, ya wastani ni kiti cha mtu mmoja, na ile ya kutonyanyuka kitandani ni kochi la watu watatu. Nyundo ikabaki chini ya kiti cha pikapu. "Nitairudisha siku utakayonitukana kama zamani," shemeji aliapa.

Asubuhi moja, kidonge kimemezwa na chai bado, Springi akaingia karakanani, akachota misumari, akaitia mdomoni. Mkewe akaacha kushona. Akanyoosha kiganja.

"Tema."

Springi akakataa kwa kichwa. Akaelekeza kidole nje, pikapu ilipokuwa inahangaika kuwaka, akasema kitu kirefu kilichopinda.

"Anasemaje?" shemeji akauliza dirishani.

Mkewe akageukia dirisha la pikapu. "Anasema gari lako linakohoa kuliko babu yako. Na ulete nyundo yake kabla hajakuwamba wewe."

Shemeji aliichomoa chini ya kiti, akaja nayo mbio, kofia ikamdondoka, hakuiokota.

Springi akageuka, akatema misumari yote kwenye kiganja cha mkewe, safari hii bila kuambiwa. "Leo ni kiti cha mtu mmoja," akasema. "Jana lilikuwa la watu watatu, sikukwambia."

"Nililiona."

"Chai je?"

"Bado dakika ishirini."