Visima Saba vya Mama

Kaa kidogo, wewe unayesoma. Nitaeleza polepole, kwa kuwa nimetoka kazini na haraka imenishinda. Nianze na harufu: zulia lililolowa theluji kwenye ujia wa jengo letu mjini Columbia Heights, huku ughaibuni, vitunguu vya jirani, na ile sabuni kali ya mikono ambayo mama alirudi nayo kutoka nyumba ya wazee alikofanya kazi. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi. Sabuni ikinukia mlangoni, nilijua mama ataketi na koti lake mwilini, afumbe macho, kisha aseme, "Haya, nisomee."

Majira yale ya baridi mwalimu alitugawia sehemu za dunia tuzichore kwenye karatasi kubwa. Rafiki yangu alipata Paris. Mimi nilipata wilaya moja ya bara kavu la Australia, pana kuliko nchi nyingi, na wakazi wake, kwa mujibu wa kitabu cha maktaba, wasingejaza kanisa letu. Nilichora mpaka, nikapaka rangi ya udongo, nikaacha katikati patupu. Mama akafumbua jicho moja.

"Na hapa?"

"Hakuna kitu, Mama. Kitabu kimesema."

"Huyo mwandishi alipita juu kwa ndege."

Mama alizaliwa kaskazini mwa Kenya, katika nchi kavu kama hiyo, ambako unaweza kutembea siku nzima usione moshi wa jiko. Kwao, msafiri hakuruhusiwa kuondoka kabla ya kutaja visima vyote vya njiani, kimoja baada ya kingine, pamoja na jina la mlinzi wa kila kisima. Akiruka kimoja, anaketishwa, anaanza upya. Usicheke, kiu haichagui mjuzi. Basi mama, kwa kidole chenye ngozi iliyochanika kwa sabuni, akanionyesha mahali pa kuweka visima saba: Cha Ndama, chenye maji ya chumvi; Cha Wajane, kitamu lakini kirefu; na vingine, kila kimoja na mwenyewe. Vya Australia hakuvijua, kwa hiyo akaiazimisha wilaya ile vya kwao. Hatukuona kosa. Nchi kavu ni ndugu, alisema.

Siku ya maonyesho, mwalimu aliinama juu ya karatasi yangu akauliza visima vile nimevitoa katika kitabu gani. Watoto wakageuka kunitazama. Ningeweza kusema nimefundishwa na mama. Nikasema nimevibuni. Mwalimu akanisifu, na nyuma yake, mlangoni, nikamwona mama na sare yake ya kazi, viatu vikichuruzika maji ya theluji. Alikuwa amepanda mabasi mawili ili afike. Kiingereza alikijua vizuri.

Ndani ya basi la kurudi nyumbani hakunigombeza. Aliuliza tu, "Tukitoka Cha Wajane, tunafika wapi?" Nikamjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi yangu, kwamba nimesahau.

"Basi hapo tumekufa kwa kiu, mwanangu," akasema, akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Wahenga walisema mdharau kwao ni mtumwa. Mimi sikudharau; niliona haya kwa muda wa sentensi moja, na sentensi hiyo imenichosha kuliko zamu zote nilizofanya tangu hapo. Karatasi ilitupwa tulipohamia mji wa Burnsville. Leo nafanya kazi ileile ya mama, mikono yangu inanuka sabuni ileile, na simu yangu inanionyesha kila duka kando ya barabara kuu. Nikiitafuta nchi ya mama, naona rangi moja ya udongo, patupu. Yeye yu hai, ila akivitaja visima, kumbukumbu humtoka akifika cha nne, kisha huomba chai. Namtilia chai. Vitatu vilivyobaki sivijui, na hakuna kitabu cha kukimbilia.

Wewe bado una nafasi. Kama yupo mzee wako anayeijua njia ya kwao, usingoje apumzike kwanza. Chukua karatasi leo, keti karibu naye, muulize maji ya kwanza yako wapi na nani huyalinda. Andika jina. Kisha muulize: na baada ya hapo?