Lori Lililopanda Kilungu Bila Kuhema

Nichekeni tu, sitakasirika. Juzi nilitoa injini ya lori langu kuukuu la shamba nikaliwekea ya basi. Fundi wa magari kule mjini Kabati alinionya, "Bosi, hii ina nguvu, uende nayo polepole." Mimi wapi!

Safari ya kwanza, mama mkwe alinipa machungwa yake yote nimpelekee sokoni Kasikeu, naye akatangulia. Nilipokanyaga mafuta, lori liliruka kama mbuzi. Mlima wa Kilungu, ambao zamani tuliupanda tukiomba Mungu, niliupanda nikipiga mluzi. Kadiri nilivyopanda, ndivyo lori lilivyozidi kuwa jepesi. Watu wa kando ya barabara walinipungia wakipiga kelele, watoto wakakimbia nyuma yangu. Nikawajibu kwa honi, kifua mbele.

Sokoni, mama mkwe alikuwa akinisubiri pamoja na wanunuzi.

"Mama, hii injini hata haisikii mzigo!" nikamwambia nikishuka.

Akazunguka nyuma ya lori. Nikamfuata. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, ukining'inia, na ndani limebaki chungwa moja lililopasuka.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, wanunuzi wakisikiliza, "ingesikia mzigo gani?"