Uchaguzi wa Mkono Begani

Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu: hasira yangu haijaisha. Watu wa jumuiya yetu huniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi huwajibu kwamba kwangu yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na hayo yajayo wayagange wao.

Ilikuwa miaka ile ya kununua kadi za kukwangua ili kupiga simu nyumbani. Kaka yangu alikuwa amemleta mama Beltsville, huku Marekani, amsaidie kulea mtoto, kwa sababu yeye na mkewe walifanya kazi zamu za kupishana, mmoja akiingia mwingine anatoka. Mama yangu ni mtu wa maneno. Kule kwetu Magharibi mwa Kenya hakuweza kwenda kununua chumvi na kurudi kabla chakula hakijaungua, maana kila mlango alisimama kusalimia. Beltsville aliwekwa kwenye chumba cha ghorofa ya pili, akaambiwa akisikia hodi asifungue. Wiki nzima alikaa na mtoto mchanga na televisheni asiyoielewa. Wajukuu wakubwa, ndugu za huyo mtoto, walimwelewa vizuri akiongea, lakini walimjibu kwa Kiingereza, naye alinitazama mimi kama vile ni mimi niliyewafunza ujeuri.

Kilichomponya ni Jumapili. Paroko alikuwa ametuachia kanisa kila Jumapili alasiri kwa Misa ya Kiswahili. Tulikuja Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi, wengine wakitoka Virginia na kuvuka mto kwa basi na treni. Kiswahili chetu kilikuwa cha kila namna. Wenzetu wa Kongo walimwita Bwana Yezu, sisi Yesu, naye aliitika wote. Mama aliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Baada ya Misa tulishuka kwenye ukumbi chini ya kanisa kunywa chai, na hapo ndipo mama yangu alipokuwa mtu tena. Alibishana na akina mama wa Kikongo kuhusu namna ya kupika maharagwe, akawacheka, wakamcheka. Jumatatu asubuhi kaka aliniambia kwa simu kwamba mama amelala mapema na ameamka akiimba. Kwa hiyo mtu akiniuliza uchaguzi wa mwenyekiti wa jumuiya unanihusu nini, jibu langu ni hilo.

Mwenyekiti wetu alitaka Misa iwe ya Kiingereza. Alikuwa Mkenya mwenzetu, tena wa upande wetu, mtu wa kompyuta huko mji wa Falls Church, na alikuwa na gari kubwa la abiria ambalo Jumapili lilizunguka kuwaokota wasio na magari. Kwa hilo nilimshukuru, sitamnyima haki yake. Lakini alipopata uongozi alianza kuongea kwa pua. Alisema watoto wetu hawaelewi Kiswahili, alisema wazungu wa Misa ya asubuhi wanatuona kama wageni, alisema tutabaki nyuma. Nilimwambia kwamba kama watoto hawaelewi, dawa ni kuwafundisha. Alinijibu, "Dada, wewe uko na emotions. Mimi niko na vision." Nilitamani kumwagia chai.

Mwaka huo tukaamua kumweka mtu wa kushindana naye. Tulimchagua mama mmoja wa Kikongo, mjane, aliyehudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee Alexandria. Alikuwa mpole, ila ukimkanyaga utajua. Yeye ndiye aliyemfundisha mama yangu kutumia mashine ya kufulia kule chini kwa kaka, wakicheka wakati wote kama wasichana. Aliahidi jambo moja tu, kwamba Misa itabaki kwa Kiswahili. Papo hapo maneno yakaanza kupita chini chini. Mkongo atatuongozaje. Kiswahili chake kimepinda. Waliosema hivyo ndio hao hao waliotaka Kiswahili kiondoke kabisa kanisani, na hakuna aliyeona aibu.

Siku ya uchaguzi paroko, mzee wa Kimarekani mwenye roho safi, alituombea, akasema tuchague kwa namna tunayochagua kwetu, akaenda zake kuona wagonjwa. Namna ya kwetu. Sijui alidhani kwetu ni wapi. Mwenyekiti alisimama na kusema kura za siri ni za watu wasioaminiana, sisi ni ndugu, basi tutapiga mlolongo: kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake tuonane.

Mkenya wa umri wangu halisikii neno mlolongo akatulia. Nikiwa msichana nilimwona baba akipanga foleni uwanjani nyuma ya mtu wake, foleni ndefu mpaka barabarani, na yule mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Tulivuka bahari, tukala baridi, tukasimama kwenye foleni za karatasi za uhamiaji, halafu mtu akatuletea mlolongo ndani ya nyumba ya Mungu. Nilisema hivyo, kwa sauti. Mwenyekiti akacheka, akasema tusilete siasa za nyumbani kanisani.

Akaweka na masharti. Kwa kuwa watoto walikuwa wakikimbia huku na huku na wengine wamesimama tu na vikombe, kila mpiga kura aweke mkono begani mwa aliye mbele yake. Asiyeshika bega hahesabiwi. Ukishaingia mstari huhami, na aliyetoka ametoka. Mistari ikilingana, aliyeko kwenye kiti anaendelea. Watu wakaitikia sawa sawa, maana walitaka kumaliza waende kazini.

Mgombea wetu alisimama karibu na piano, na mimi nikawa wa kwanza nyuma yake, mkono begani. Nikageuka kuona wanaonifuata. Dada mmoja tuliyekuwa tumekubaliana naye wiki nzima alikuwa anatembea kuelekea upande wa pili. Nilimwita. Alinijibu kwa kunong'ona, akiangalia chini, "Nimekuja na gari lake. Nitarudi nyumbani na nani?" Nikaangalia mstari wa Mwenyekiti na nikauelewa wote kwa mara moja. Lile gari zima lilikuwa limejipanga pale, kiti kwa kiti. Kwa kura ya siri wale wangekuwa wetu, lakini nani atamkataa mtu hadharani halafu aombe lifti yake?

Hata hivyo hatukuwa mbali. Warundi wote walikuja kwetu, na Watanzania wawili watatu. Mwishoni mume wangu akaingia mbio, bado amevaa koti la kazini, ametoka kuegesha magari ya watu hotelini. Alikuwa ameomba ruhusa kwa sababu ya kura hiyo. Akashika bega la mtu wa mwisho kwenye mstari wetu, na kwa macho tu nikaona mistari imelingana, pua kwa pua. Roho yangu ikatulia, kwa sababu nilijua mtu mmoja bado hajapiga kura. Mama yangu alikuwa jikoni. Alikuwa amekataa kutoka kabla maziwa hayajachemka.

Alitoka akijifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akaelezwa. Akatabasamu, akamwangalia rafiki yake wa Kikongo pale mbele, akaanza kuja upande wetu. Akafika mwisho wa mstari na kusimama kama aliyegonga kioo.

Aliye mwisho alikuwa mume wangu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Si uadui, ni heshima, na mama yangu aliishika heshima hiyo kama wengine wanavyoshika rozari. Ndiyo maana alikuwa akiishi kwa kaka yangu, na akija kwangu Alexandria alirudi kabla ya kulala. Sasa anaambiwa amwekee mkwe wake mkono begani mbele ya kanisa zima.

Nilimwambia mume wangu asogee mbele. Mwenyekiti akasema hapana, hakuna kuhama. Nikasema basi mimi nirudi nyuma nikae kati yao. "Aliyetoka ametoka," akasema. Nikasema basi mama asimame nyuma bila kugusa, kila mtu anaona amesimama wapi. Akasema, "Sheria ni sheria, dada. Tulikubaliana." Akaongea taratibu, na alikuwa anatabasamu. Mzungu ningemsamehe, hata Mtanzania ningemsamehe, hajui. Huyu alizaliwa ng'ambo ya kilima kutoka kwetu. Mama mkwe wake mwenyewe alipokuja kutembea alimpangia chumba kwa jirani. Alijua kabisa kilichomsimamisha mama yangu, akakitumia.

Tena akamwita. "Mama, huku kwangu kuna nafasi. Huku hakuna mkwe wako."

Watu wengine walicheka. Nikapiga kelele kwamba hii ni kura gani, ni ushenzi. Mgombea wetu akageuka akanishika mkono. "Dada, acha," akasema. "Hata kwetu banaheshimiaka bakwe. Usimulazimishe mama." Mume wangu, masikini, alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka. Akaanza kuondoa mkono begani mwa yule wa mbele yake ili atoke, ampishe. Mama akamwona, akamwinulia kiganja kumzuia.

"Baki hapo hapo," akasema, akiangalia ukutani badala ya usoni mwake, kama desturi inavyotaka. "Umetoka kazini kwa ajili ya hii kura." Halafu akatugeukia sisi sote. "Msinivutie huku na huku kama mbuzi wa mahari."

Akaenda akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, mikono mapajani. Mwenyekiti akahesabu, akahesabu tena ili aonekane mwadilifu, akatangaza sare, na sare maana yake yeye. Gari lake likampigia makofi.

Njiani kurudi nilimgombeza mama, na hilo nalo lilitokana na hasira. Nilimwambia desturi gani hii inayokunyima Misa yako mwenyewe, Mungu haangalii bega. Yeye alikaa kiti cha nyuma; kaka, aliyetoka zamu akaja kutuchukua, ndiye aliyeendesha. Akaniambia, "Mimi nimefika uzee huu na vitu vichache. Unataka niache na hicho, ili nimfurahishe yule?"

Paroko alipoelezwa, alielezwa kwa Kiingereza na Mwenyekiti, na aliambiwa jumuiya imeamua. Jumapili iliyofuata Misa ikawa ya Kiingereza. Nyimbo za Kiswahili ziliachiwa nafasi wakati wa sadaka, wimbo mmoja, kama mboga ya kupamba sahani. Wale watoto ambao mambo yote haya yalifanywa kwa jina lao waliendelea kuchora kwenye vitabu vya nyimbo. Nilimwangalia mama. Alijaribu kuufuata mdomo wa padri. Alichelewa kusimama, akachelewa kupiga magoti, akawa anatazama jirani kila wakati ajue la kufanya, yeye aliyekuwa akiwaanzishia wengine nyimbo. Kwenye mahubiri alisinzia. Sikuwahi kumwona mama yangu akisinzia kanisani.

Ulipofika wakati wa kutakiana amani, Mwenyekiti alitoka kwenye benchi lake na kupita katikati ya kanisa akigawa mkono kwa kila mtu kama mbunge. Akafika kwetu, akamnyooshea mama mkono. Mama akaiingiza mikono yake ndani ya leso. Yule akadhani hajaona, akasogea zaidi. "Peace be with you, Mama."

Mama akamjibu kwa Kiswahili, na hakupunguza sauti. "Mkono wa mkwe wangu siushiki kwa sababu namheshimu. Wako siushiki kwa sababu nimekukasirikia."

Mabenchi kadhaa yakageuka. Mwenyekiti akarudisha mkono wake, akautumia kujikuna shingo, akaenda kwa wengine. Rafiki wa mama, yule mgombea wetu, alifunika mdomo kwa kitambaa, na mabega yake yakawa yanatikisika. Na mimi nilicheka, sikatai, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kichungu kwa sababu nilijua tumeshindwa vile vile.

Jumapili iliyofuata mama hakutaka kuvaa. Kaka alimwambia kuna Misa nyingine mbali kidogo, ina Kiswahili mara moja kwa mwezi, atampeleka. Mama akasema, "Nirudisheni nyumbani. Kule hata nikilala kanisani, nalala nikielewa." Kaka alidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekuja akae hadi mtoto aanze kutembea, na mtoto alikuwa bado anatambaa begi la mwisho la mama liliposhushwa kwenye ngazi. Ikabidi mke wa kaka aache kazi.

Jumapili ile alipokuwa angani, Mwenyekiti alisimama mbele kwenye matangazo. Kwa Kiingereza chake cha puani alisema mama yetu mpendwa, nguzo ya jumuiya, amesafiri, tumwombee afike salama. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilifumba mdomo mpaka meno yakaniuma.