Mkanda Aliouvaa Muhire

Shadia hakulia. Mimi ninayeuza mandazi kwenye baraza moja naye hapa Kamembe nililia hadi sauti ikakauka, tena nikamkasirikia. Dada gani huyu?

Mwaka huo wa 2000 Bukavu nzima, ng'ambo ya ziwa, ilizungumza koltani tu, yale madini mazito ya kutengenezea simu, na wachuuzi waliivusha ziwani kwa magendo ikiwa imefungwa kiunoni. Mikanda alishona Shadia. Fundo alilitia mgongoni, maana askari hupapasa tumbo. Sote tulimsifu kwa ujanja huo. Mkanda wa mwisho aliuvaa Muhire, mdogo wake. Mtumbwi ukapinduka karibu na Cyangugu, wenzake wakaogelea hadi ufukoni. Yeye, aliyekuwa akiwashinda wote kwa kuogelea, hakuonekana.

Shadia alitaka kitu kimoja tu: amwoshe, amzike. Kesho yake akaitwa Straton, aliyewahi kuwa mzamiaji bandarini Mombasa. Mkanda wake wa uzito ulikuwa umeoza, kwa hiyo Shadia akamshonea mwingine, akautia vipande vyote vya madini ya risasi vilivyokuwa kwenye ule wa zamani. Straton akaingia majini kujipima. Lo! Akazama kama sufuria.

“Nilisahau, maman,” alisema akitema maji. “Hii si bahari. Maji bila chumvi haibebi muntu sana.”

Wakapunguza kipande kimoja kimoja. Alimweleza kwamba ukijaza pumzi maji yakufike machoni, na ukiitoa ushuke polepole. Hapo uzito umetosha.

“Na koltani ya kujaza mkanda?” Shadia aliuliza.

Straton akatazama pembeni. “Ile ni mingi, maman. Hata mimi ingenishusha.”

“Wewe ukilemewa kule chini, unafanya nini?”

“Navuta hiki kifungo cha mbele. Mkono moja tu. Mkanda unaanguka, mimi napanda.”

Shadia alikitazama kifungo kile.

Muhire alitolewa kabla ya adhuhuri. Mikono yake yote miwili ilikuwa mgongoni, vidole vimeng'ang'ania fundo. Shadia alilifungua mwenyewe, kwa meno, uso mkavu. Nilimshika bega nikamuuliza kama anaumwa. Alisema hasikii kitu. Hasira yangu ikaniisha palepale, nikaogopa.

Mikanda bado anashona, maana tumbo halina matanga. Ila sasa kifungo anakiweka mbele. Juzi mteja mmoja alimfokea: “Maman Shadia, huku mbele askari bataona!”

“Baone,” alisema, akaendelea kukanyaga cherehani.